Batoto habako

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani kwangu, Gungu, nachambua dagaa, mtoto wa kaka yangu akaingia na simu mkononi kama mtu aliyeokota pochi.

"Shikamoo shangazi. Hebu ona hii. Si ndiyo kozi uliyosoma wewe?"

Lilikuwa tangazo la wakala. Vijana watatu, mmoja mweusi, wote wanacheka na mafaili wameyakumbatia. Chini yao imeandikwa: soma stashahada ya huduma za jamii Australia, fanya kazi huku unasoma, baki hukohuko. Neno "baki" limepakwa njano. Kianzio kitumwe kabla ya Ijumaa.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Kwa hiyo nitume?"

Nikamwambia kwanza anichotee maji. Kiu sikuwa nayo. Ana miaka 22, kamaliza kidato cha sita, anaendesha bodaboda ya mtu kati ya Mwanga na Kibirizi, na jioni hesabu ya tajiri ikishatoka anabaki na hela ya vocha. Mtu wa namna hiyo hajibiwi harakaharaka. Leo ni Jumatano, Ijumaa haijafika, na atakachofanya anakijua yeye. Naandika hapa kwa sababu si wa kwanza kuniuliza, na kila anayeniuliza namjibu nusunusu.

Hela kwanza, tuziondoe njiani. Mimi niliingia Melbourne Februari 2018, na nyumbani tuliuza kiwanja cha marehemu baba cha Mwandiga pamoja na mawese ya misimu miwili. Siku hizi kiwanja kile kisingetosha. Kuomba viza ya mwanafunzi, ile wanayoiita namba 500, ilikuwa dola 710 za Australia mpaka katikati ya 2024. Julai mosi mwaka huo ikaruka hadi 1,600, na Julai 2025 ikawa 2,000. Hiyo ni zaidi ya milioni tatu za kwetu, na ukinyimwa viza hairudi. Tangu Mei 2024 unatakiwa pia uonyeshe una dola 29,710 za kujikimu mwaka mmoja, mbali na ada ya chuo na nauli. Piga hesabu mwenyewe, inakwenda karibu na milioni hamsini. Kiingereza utapimwa, IELTS wastani wa 6.0. "Fanya kazi huku unasoma" ni kweli, ila masomo yakiwa yanaendelea mwisho ni saa 48 kwa kila wiki mbili. Enzi zangu zilikuwa 40, na zote nilizimalizia kwenye kudeki ofisi za watu kuanzia saa kumi alfajiri. Wabongo wa ughaibuni wanaita kubeba boksi. Mimi boksi sikupewa, nilipewa ndoo na mopa.

Na hiyo "baki". Stashahada hii haikufanyi kuwa afisa ustawi wa jamii kwa maana ya kule. Kule hiyo ni kazi ya digrii, na wana chama chao, AASW, kinachopima digrii ipi inafaa na ipi haifai. Mwenye stashahada ni mhudumu wa jamii: anasaidia watu kujaza fomu za nyumba, anawasindikiza kwa mwanasheria, anaendesha vikundi vya wazee, anapokea simu za wanawake wanaopigwa. Ni kazi ya heshima na watu wa kuifanya wanatafutwa. Lakini viza ya kusoma ni ya kusoma. Hakuna cheti kinachokuja na ukaazi ndani ya bahasha, na wakala anayekwambia kipo, mwulize kwa nini yeye bado yuko Kariakoo.

Hela zimeisha. Sasa nieleze kilichonipeleka, maana kwenye fomu ya chuo sikukieleza.

Mwezi wa tano 2015 nilikuwa na miaka 24, karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapo Mwanga. Kule Burundi, mwishoni mwa Aprili, Rais Nkurunziza alikuwa ametangazwa kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikachafuka, na watu wakaanza kumiminika Kagunga. Kwa asiyeijua, Kagunga ni kijiji chetu cha mwisho kaskazini, kando ya ziwa, mlima umekibana mgongoni, barabara ya gari wakati huo haikuwepo. Uliingia kwa boti au kwa miguu. Makumi ya maelfu ya watu wakajaa kwenye ule ufukwe mwembamba, na kipindupindu kikaingia. Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani 1913, ile ambayo sisi tulikuwa tunapanda kwenda Kirando kusalimia ndugu bila kuiwaza mara mbili, ndiyo iliyokwenda kuwachukua. Gati hakuna, kwa hiyo ilisimama majini, watu wakapelekwa kwa mitumbwi. Wakashushwa Kigoma, wakawekwa uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Vijana wa mjini tuliombwa tukajitolee. Mimi nilipewa kuandika majina kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na Kiha nakijua, na mwenye Kiha Kirundi hakimpigi chenga. Mafunzo hayakuwepo. Nilipewa daftari na kalamu ya bluu.

Siku ya tatu akaletwa mtoto wa kike, miaka sita au saba, gauni la kijani, kandambili mguu mmoja. Nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema mama hayupo. Nikamwuliza baba. Hayupo. Nilikuwa nimeandika tangu asubuhi, jua la utosi, nyuma yake foleni haionekani mwisho. Nikaandika: yatima.

Akapandishwa basi la watoto walio peke yao. Mama yake akashuka na Liemba keshokutwa yake. Alikuwa amekwama Kagunga kwenye foleni ya mitumbwi na kichanga mgongoni. Alizunguka uwanja mzima akilitaja jina la mtoto mpaka sauti ikamkauka, akaanza kuonyesha kimo chake kwa mkono, kiganja kimesimama: mpaka hapa, gauni la kijani. Nilimjua mara moja anayemtafuta. Lakini kwenye daftari langu hakukuwa na mtoto anayetafutwa na mama. Kulikuwa na yatima, na orodha ilishakwenda na yatima wengine. Zilipita siku kumi na moja mpaka wakakutanishwa. Niliambiwa tu, sikuwaona.

Miaka miwili baadaye, kwenye ile sehemu ya fomu inayouliza kwa nini unataka kusomea kazi hii, niliandika kwamba tangu utoto napenda kusaidia jamii. Darasani nikakuta wote tumeandika hivyo.

Tulikuwa ishirini na wawili: Wanepali, Wahindi, Wakolombia watatu, Mfilipino aliyekuwa nesi kwao, na mimi. Mzawa wa Australia alikuwa mwalimu peke yake. Kozi wakati huo ilikuwa masomo 16, manane ya lazima na manane ya kuchagua, na juu yake fildi ya saa zisizopungua 100 kwenye kituo cha kweli, bila malipo. Kabla ya fildi lazima polisi wakukague kama una rekodi, na upate kadi ya kuruhusiwa kufanya kazi na watoto. Mengi ya darasani yamenitoka. Nakumbuka somo la usalama kazini lilikuwa na picha ya mtu ananyanyua boksi kwa kukunja magoti, mgongo umenyooka. Hilo ndilo boksi nililokutana nalo Australia.

Lisilonitoka ni somo la wenyeji wa asili. Kule vikao vingi, hata vya watu sita, huanza kwa kuwataja wenye ardhi. Melbourne, kwa sehemu kubwa, ni watu wa Wurundjeri. Mwanzoni niliona kama dua ya kufungulia mkutano, inasemwa upesi ili ajenda ianze. Halafu mwalimu akaleta historia yenyewe. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, serikali na makanisa waliwachukua watoto wa wenyeji hao kutoka kwa wazazi wao, tena kwa sheria, wakalelewe kwenye vituo na kwa familia za Wazungu. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Na waliokuwa wanakuja kuchukua watoto, watu waliwaita ustawi. Ustawi wamekuja, ficheni watoto. Mwalimu akasema mpaka leo kuna nyumba ukigonga umevaa kitambulisho shingoni, bibi hakufungulii, na ana haki.

Mimi nikacheka, bahati mbaya. Mwalimu akaniuliza kulikoni, nikashindwa kueleza. Utamwelezaje kwamba kwetu hilo neno ni fimbo ya mama? Mwanamke aliyeachiwa watoto anasimama mlangoni, khanga imefungwa kiunoni, anasema, "Nitakupeleka ustawi!" Na mwanaume mzima, mvuvi wa Katonga anayekesha ziwani na taa zake, ananywea. Huku linamtisha baba aliyekimbia, kule lilimtisha mama aliyebaki. Tangu siku ile, nikibisha hodi kwa mtu, kitambulisho nakitia mfukoni kwanza. Jina langu nalitaja, la baba yangu nalitaja, kitambulisho kitafuata.

Fildi niliianza Julai 2019, baridi ya kuuma meno, kwenye kituo kidogo magharibi mwa jiji kinachosaidia wakimbizi na wahamiaji wapya. Mapokezi, vyumba viwili vya mazungumzo, na jiko ambalo maziwa yake kila mtu anaandika jina lake. Wiki ya pili akaletwa bibi wa Kikongo, kitenge cha bluu amekizungusha juu ya koti la baridi, kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amefika Melbourne mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo, Nyarugusu, tangu 1997.

Nyarugusu! Miaka ishirini na kitu kakaa mkoani kwetu, mimi nimevuka bahari ndiyo nikamwona.

Msimamizi wangu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliniona ninavyojiandaa kufungua mdomo. Akaniita koridoni. "Wewe si mkalimani," akaniambia. "Ukimtafsiria na papo hapo ukamhudumia, siku ukikosea nani atajua?"

Niliona ni roho mbaya tu. Mimi nimelelewa na bibi Mmanyema pale Ujiji, ukoo wake ulivuka ziwa kutoka Kongo. Batu, bitu, miye, nimeyasikia tangu natambaa. Leo kuna bibi mbele yangu, halafu nikae kama nimemeza jiwe?

Ikapigwa 131 450, huduma ya taifa ya wakalimani wa simu. Mkalimani akajitambulisha kwa namba, jina hawatoi. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani, nadhani ni mtu wa Mombasa. (Nadhani. Sikumwuliza.) Simu ikawekwa katikati ya meza, sauti nje. Msimamizi anauliza kwa Kiingereza, simu inauliza kwa Kiswahili, bibi anaiinamia na kuijibu kwa sauti ya juu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

Umri, anwani, dawa anazokunywa, hayo yalipita. Wakafika pale kwenye ndugu wa kupigiwa akizidiwa.

"Bibi, una watoto?" simu ikauliza.

Bibi akaivuta kofia chini kidogo. "Batoto habako."

"Hana watoto," simu ikasema kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimekaa upande wa kalamu. Nikamwona msimamizi anaandika neno moja: hakuna. Hita ilikuwa inawaka miguuni pangu na mgongo ukanisisimka.

Habako, kwa Kiswahili cha bibi yule, ni hawapo. Hawapo chumbani, hawapo nchi hii, hawapo duniani, inategemea. Ambaye hakujaliwa angesema siko na batoto. Sitamlaumu mkalimani, Kiswahili alichokulia hakina huo mlango. Mimi nilikuwa nao tangu kwa bibi yangu, na bado uwanjani mwaka 2015 niliupita bila kuuona, kwa lugha ninayoijua, mtoto akiwa amesimama mbele yangu.

Nimekatazwa kutafsiri. Kuuliza sikukatazwa. Nikanyoosha kidole kama darasa la tatu, nikasema kwa Kiingereza: naomba tumwulize bibi amezaa wangapi, na kila mmoja yuko wapi.

Msimamizi akanitazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Kisha akauliza.

Bibi akanyanyua mikono yote miwili kutoka ndani ya kitenge, akaanza kukunja vidole. Sita. Wawili walikufa Fizi wakati wa vita, kabla hawajavuka. Mmoja alizikwa Nyarugusu, malaria. Wawili wako kambini mpaka leo, wana wake zao, faili lao lilikuwa mbali na la mama. Wa sita alitoka kambini kutafuta kibarua 2011, na kidole cha huyo bibi hakukikunja wala hakukinyoosha, alikishika kwa mkono wa pili. Mkalimani alitafsiri vizuri, hata sauti aliishusha. Yalichukua dakika arobaini. Mwisho msimamizi akakata lile "hakuna" kwa mstari mmoja unaosomeka, akatia sahihi pembeni kama taratibu zinavyotaka, akachukua karatasi mpya.

Nje aliniambia asante. Halafu akaniambia, kwenye taarifa ya leo usiandike kwamba mkalimani alikosea. Andika alichosema bibi, andika alichosema mkalimani, andika ulichouliza wewe, basi. Nikamwambia, lakini alikosea. "Hayo ni maoni yako," akasema. "Yana sehemu yake."

Taarifa ile niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa imejaa uchungu wangu. Ya pili ilikuwa na neno "kwa bahati mbaya" mahali patatu. Ya nne ilikuwa na mistari tisa, na ndipo nikajua kiwanja cha baba kilinunua nini. Mtu amesema hivi, kwa maneno yake. Mimi nimeona hivi. Mimi nadhani hivi. Nitafanya hivi. Vinne, na kila kimoja kikae kwake. "Mama hayupo" ni maneno ya mtoto, yanaandikwa kama yalivyo. "Yatima" niliitoa kichwani kwangu, kwa sababu ya jua na foleni, nikaiandika kwa mwandiko mzuri.

Usidhani kila walichofundisha nilikimeza. Kuna somo la mipaka. Kwetu Kigoma mpaka ni Manyovu, unaujua kwa bendera na malori yaliyopanga. Kule mpaka ni usimpe mteja namba yako, usile kwake, usipokee zawadi bila kuiandika, usimtembelee siku isiyo ya kazi. Wiki chache baadaye tukaenda na msimamizi nyumbani kwa bibi, tukakuta katupikia ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Sombe la mawese! Mawese ameyatoa wapi na baridi ile sijui, lakini harufu ilinikuta kwenye ngazi. Msimamizi akasema asante, tumeshakula. Niliuona uso wa bibi. Mimi nikanawa mikono nikakaa. Nikala, nikaramba vidole, na jioni nikaandika kwenye taarifa: saa saba mchana mwanafunzi alikula ugali na sombe nyumbani kwa mteja. Niliitwa, nikasemwa, nikasikiliza. Na leo nikipewa sahani ile naila tena.

Ila sababu yao naielewa, na sikuielewa siku ile. Mwanafunzi ana saa zake, zikiisha anaondoka. Siku ya kuaga, bibi alinishika mkono akanitajia majina ya wale wawili wa Nyarugusu, na zoni wanayoishi, kwa sababu nilishamwambia kwetu ni Kigoma. Kumwambia kwetu ni wapi ndiyo ulikuwa mpaka, na nilishauvuka kabla hata ya sombe. Hakuniomba kitu. Alitaja tu majina, akarudia.

Nilirudi Januari 2020, mama alikuwa anaumwa. Watu husema niliiwahi corona, mimi sikujua habari ya corona. Australia ilifunga mipaka Machi 20, na Aprili Waziri Mkuu wao akawaambia wanafunzi wa nje wasioweza kujikimu kwamba wakati umefika wa kurudi makwao. Mnepali mmoja wa darasa letu aliisikia hotuba hiyo akiwa zamu, anamwogesha mzee wa Kiaustralia. Tangazo la wakala halitaji hilo pia.

Cheti nilikipeleka kulinganishwa na vya hapa, kwenye baraza la elimu ya ufundi, wakati huo bado linaitwa NACTE, nikangoja. Sasa naratibu mashauri ya watoto kwenye shirika dogo la hapa mjini. Tunapokea vijana wa fildi kutoka vyuo vya ustawi na vya maendeleo ya jamii, na mwaka jana mmoja alikuwa Mrundi anayesoma Tanzania, kwa hiyo na sisi tumeshakuwa na mwanafunzi wa kimataifa. Alikuwa anashangaa kwa nini kila mama akija anamsimulia kesi nzima kabla hajakaa. Nikamwambia kazi yako ndiyo hiyo, shika kalamu. Wote, awe Mrundi awe wa Kasulu, wiki ya kwanza wanaandika "mtoto ametelekezwa". Nawauliza, ametelekezwa, nani kasema? Nyuma ya mgongo wananiita Mama Nani-Kasema. Najua, na jina limenikaa.

Kijana wetu nilimwambia kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, ipo tangu miaka ya sabini. Kuna Tengeru, Arusha, kwa maendeleo ya jamii. Ada ni za shilingi. Akanyong'onyea. Na simlaumu, hakuna aliyewahi kumletea tangazo la Tengeru lenye rangi ya njano.

Nikamaliza dagaa, nikaingia ndani nikatoka na daftari. Nikamwambia, kesho acha pikipiki kwa saa mbili. Kaa Kibirizi pale boti zinapofikia. Andika unachokiona na unachokisikia, basi. Ukirudi tutaongea habari ya kianzio.

"Saa mbili, shangazi? Na hesabu ya tajiri?"

Nikampa elfu tano.

Jumapili jioni akaja. Ukurasa mmoja na nusu, mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu. "Saa 3:10 boti imefika. Watu 31, nimehesabu mara mbili. Mbuzi 4. Mama mmoja ameshuka na begi jekundu na mtoto. Amekaa juu ya gunia. Hakuna aliyekuja kumpokea. Ana huzuni, amekimbiwa na mume."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Alikwambia?"

"Hapana. Lakini si inaonekana, shangazi."

"Inaonekanaje?"

Akafikiri. Akasema alikuwa anaangalia simu kila dakika, halafu anaangalia barabarani. Mtoto alimwomba maji mara mbili, hakumsikia.

"Andika hivyo."

Akaukata ule mstari, akaandika hivyo. Kisha akausoma ukurasa wote tangu juu, midomo inacheza, na mimi nikawa nachochea moto. Akainua kichwa.

"Kuna kitu sikuandika," akasema. "Saa nne na nusu alikuja jamaa na pikipiki, akampakia begi na mtoto. Wakaondoka wanacheka. Nikaona nikiweka hilo litaharibu."

Nikamrudishia kalamu.